Shaka Iliyozaa Mashahidi

Januari 1987, mahakama ya New York ilimfunga miaka 100 Anthony Corallo, mkuu wa familia ya Lucchese, mojawapo ya familia tano za Mafia jijini humo. Uongozi ukaangukia kwa Vittorio Amuso na mwandani wake, Anthony Casso.

Casso alikuwa akiwahonga wapelelezi wawili wa polisi, Louis Eppolito na Stephen Caracappa, wamvujishie siri. Waliyemtaja kuwa anazungumza na serikali, damu yake ilikuwa halali. Siku ya Krismasi ya 1986 watu wa Casso walimuua kijana fundi wa simu huko Brooklyn. Hakuwa na kosa lolote. Jina lake tu lilifanana na la mtu waliyemsaka.

Mwaka 1988 tawi la New Jersey liligoma kuongezewa mgawo wa kupeleka juu. Wakuu hao wakaamuru tawi zima liuawe.

Mei 1990 serikali iliwashtaki kwa kupora zabuni za madirisha ya nyumba za umma. Wakatonywa mapema, wakatoroka. Mafichoni, kila tetesi waliiona usaliti. Peter Chiodo, mmoja wa watu wao, alipokiri mashtaka bila idhini yao, walituma wauaji. Mei 1991 alipigwa risasi 12 huko Staten Island, akapona. Jamaa zake walipotishiwa, akakubali kutoa ushahidi.

Lawama za Chiodo kunusurika zilimwangukia Alphonse D'Arco, aliyekuwa kaimu mkuu. Septemba mwaka huohuo, katika kikao hotelini Manhattan, alihisi zamu yake imefika. Alitoka mbio, akajisalimisha kwa FBI. Ushahidi wake ulisaidia kumfunga maisha Amuso, aliyekuwa amekwisha kukamatwa, mwaka 1992.

Casso alikamatwa Januari 1993. Mwaka uliofuata, yeye aliyewaua watu kwa tuhuma za kusema na serikali akaanza kusema nayo, akiwataja hata wapelelezi wake.

Polisi walifanya kazi yao, lakini waliovunja kiapo cha ukimya cha Mafia ni wakuu wenyewe. Corallo alifia kifungoni mwaka 2000 bila kumtaja mtu. Chiodo na D'Arco nao walikuwa watu wa kiapo hicho, mpaka waliokula nao sahani moja walipowafanya mahakama kuwa kimbilio pekee. Amuso na Casso waliwasaka wasaliti kila mahali, na msako huo ndio uliowazaa.