Siri ya Kiungo

Kiungo ni mahali ambapo vitu viwili hukubali kufanya kazi ya kitu kimoja. Mbao mbili hushonwa zikawa ubavu wa chombo. Mifupa miwili hukutana ikawa goti. Kila muundo, uwe umefanywa kwa mkono wa mtu au umekua katika mwili wake, hutegemea mahali hapo, na mara nyingi ndipo uharibifu wake unapoanza. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo ni la kweli, lakini lina swali gumu nyuma yake: ufa usioonekana utazibwaje? Historia ya viungo ni historia ya swali hilo kwa sehemu kubwa. Nia ya insha hii ni kuonyesha kuwa kila mara wanadamu walipopata kiungo bora zaidi, kasoro yake ilihamia mahali pa siri zaidi, na kazi ya mwangalizi ikazidi badala ya kupungua.

Tuanze katika pwani yetu. Kitabu cha safari za bahari kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, kijulikanacho kwa jina la Periplus, chataja mji wa biashara ulioitwa Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki, na chaeleza kuwa jina hilo lilitokana na vyombo vidogo vilivyoshonwa. Ufundi huo ulidumu muda mrefu. Katika visiwa vya Lamu mtepe uliundwa hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mbao zake zilitobolewa kandokando, zikapitishwa kamba ya makumbi ya nazi, kisha vijiti vikapigwa katika matundu ili kamba ikaze na maji yazuiwe. Mbao hazikuunganishwa kwa misumari ya chuma.

Juu ya kiungo hicho wasafiri wawili mashuhuri walitoa ushahidi usiopatana. Marco Polo, aliyeviona vyombo vya kushonwa huko Hormuz katika karne ya 13, alivilaumu. Alisema ni vibovu, na kwamba vingi hupotea baharini kwa kukosa misumari ya chuma. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliona kinyume chake. Alieleza kuwa chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, lakini kilichoshonwa kwa kamba hulegea kidogo, kisha hujirudi. Je, nani alisema kweli? Nadhani wote wawili. Kamba ya makumbi hunyumbuka, na hiyo ndiyo fadhila yake. Kamba hiyo hiyo huoza na kulegea, na hiyo ndiyo aibu yake. Lakini aibu yake haikuwa ya siri. Mshono uliolegea ulivuja, na baharia aliyekuwa akikumba maji katika ngama alijua, kwa wingi wa maji yale, hali ya chombo chake. Kiungo kilikuwa dhaifu, lakini kilisema.

Kiungo cha chuma kilileta nguvu ambayo kamba haikuwa nayo. Mfano wake mkubwa katika nchi zetu ni meli iliyofahamika baadaye kwa jina la Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa Kigoma kwa reli. Huko iliunganishwa tena kwa ribiti, ikashushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915 ikiitwa Goetzen. Mwezi wa Julai 1916, katika vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini kwanza mafundi wake waliipaka mitambo mafuta mazito ili isiliwe na kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya. Meli iliyokaa chini ya maji kwa miaka mingi iliweza kubeba watu kwa miongo mingi baadaye.

Ribiti ni kipande cha chuma chenye kichwa. Hutiwa moto hadi kiwe chekundu, hupitishwa katika matundu ya mabamba mawili, na ncha ya pili hupondwa kwa nyundo mpaka iwe kichwa kingine. Kinapopoa hujikunja na kuyabana mabamba kwa nguvu nyingi. Ubora wake haupimwi kwa macho, kwa kuwa ribiti iliyolegea na iliyokaza hufanana sura. Kwa sababu hiyo mkaguzi aliigonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza: iliyokaza ilitoa mlio safi, na iliyolegea ilitoa mlio wa kitu kilichopasuka. Hapa tunaona hatua ya kwanza ya siri. Mshono wa kamba ulimwita mwangalizi. Ribiti ilingoja kuulizwa.

Hatua ya pili ilikuja na kuchomelea, yaani kuyayeyusha mabamba pembeni mpaka yawe kitu kimoja. Katika Vita Kuu ya Pili Marekani iliunda meli za mizigo za Liberty zaidi ya 2,700 kwa njia hii, kwa haraka isiyopata kuonekana. Mabamba yalikaa bila matundu, bila vichwa vya ribiti, bila uzito wa ziada. Ilidhaniwa kuwa kiungo sasa kimekamilika. Kisha, usiku wa tarehe 16 Januari 1943, meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady, ikiwa imefungwa gatini Portland, Oregon, katika maji matulivu, ilikatika kwa kishindo kikubwa. Sitaha na mbavu zake zilipasuka, ikabaki imeshikwa na mabamba ya chini tu. Hapakuwa na dhoruba, mwamba wala adui. Meli nyingine nyingi za namna hiyo zilionekana na nyufa, na baadhi yake zilivunjika vipande viwili baharini pamoja na watu wake.

Sababu zilitafutwa kwa bidii. Ilionekana kuwa baadhi ya uchomeleaji ulikuwa mbaya, na kuwa pembe kali za milango ya ngama zilikusanya mkazo mahali pamoja. Lakini Constance Tipper, mtaalamu wa madini wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alithibitisha jambo lililokuwa ndani zaidi: chuma cha pua chenyewe, kikipata baridi ya kutosha, huacha kunyumbuka na huvunjika kama kioo. Na hapa kuna fundisho ambalo mwanafunzi wa historia asilipite. Katika meli ya ribiti ufa huweza kusimama ukingoni mwa bamba, kwa kuwa bamba la pili ni kitu mbali. Katika meli iliyochomelewa hakuna ukingo. Ukamilifu wa kiungo ndio uliompa ufa njia. Kwa sababu hiyo mafundi walirudisha safu za ribiti katika baadhi ya meli hizo ili kuzuia nyufa. Na tangu hapo, ili kuamini mchomeleo, jicho na nyundo havikutosha. Ilibidi kupenya ndani ya chuma kwa eksirei na kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio.

Mpaka hapa tumesema habari za mbao na chuma. Lakini lugha yetu yaita kiungo cha chombo na kiungo cha mwili kwa neno moja, na haikukosea, kwa maana siri ile ile imo ndani ya goti na nyonga. Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, laini na telezi, na kati yake kuna ute unaopunguza msuguano. Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa kukosa mishipa ya damu hujiponya kwa shida. Kwa kukosa mishipa ya fahamu huweza kulika bila kumwumiza mwenyewe. William Hunter aliandika London, mwaka 1743, kuwa gegedu likiharibika halirudi. Maumivu huja baadaye, yakitoka katika mfupa na nyama za kandokando, na mara nyingi hapo uharibifu umekwisha kwenda mbali.

Mpasuaji John Charnley, wa hospitali ya Wrightington, Uingereza, alijaribu kuweka kiungo kipya cha nyonga mahali pa kile kilicholika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alitumia kikombe cha Teflon, kwa sababu ya utelezi wake. Wagonjwa waliinuka, wakatembea bila maumivu, na kazi ikaonekana imefaulu. Baada ya miaka michache vikombe vilikuwa vimelika, na vumbi lake likaudhi nyama za mwilini. Charnley hakujificha. Aliwafanyia upasuaji tena wagonjwa wake, na vipande vya Teflon alivitia katika paja lake mwenyewe ili aone mwili unavyovipokea. Mwezi wa Novemba 1962 alianza kutumia plastiki nyingine, polithini ngumu, iliyokuwa imepimwa kwanza kwa mashine ya kusugua. Na nyonga za aina hiyo zilidumu miaka mingi. Lakini somo la Teflon lilibaki: kutembea vizuri kwa mgonjwa si ushahidi wa uzima wa kiungo.

Basi tukiviweka viungo hivi safu moja, twaona mpango wake. Kamba ilivuja, ribiti ililia ilipogongwa, mchomeleo ulinyamaza, na gegedu likalika bila maumivu. Si busara kurudi katika kamba kwa hofu ya chuma, wala kuacha kuwatibu viwete. Lakini aliyepokea kiungo bora amepokea pia deni la kukikagua zaidi, tena wakati ambapo bado ni kizima machoni. Baharia wa mtepe hakuhitaji kukumbushwa deni hilo, kwa kuwa maji yalikuwa miguuni pake. Sisi tusafirio katika vyombo vikavu twahitaji kukumbushana.