Kumlikiza Mtoto Ziwa: Habari za Neno na Ugonjwa

Katika Kiswahili cha zamani mama hamwachishi mtoto ziwa tu, bali humlikiza. Ni neno lile lile ambalo waalimu wetu hulitumia kila mwisho wa muhula, kwa kuwa kulikiza ni kumpa mtu ruhusa ya kuondoka, na likizo ndiyo ruhusa yenyewe. Basi mtoto aliyelikizwa hakufukuzwa. Amepewa ruhusa kwenda zake, kama mwanafunzi aliyetimiza kazi yake. Tumependa kuanza na neno hili kwa sababu lugha nyingine za Afrika zina maneno yanayomtaja mtoto asiyepewa ruhusa, yule aliyeondolewa kabla ya wakati wake, na mojawapo la maneno hayo limeingia katika vitabu vya madaktari wa dunia nzima. Twataka kueleza liliingiaje, na kwa nini lilichelewa.

Watu wa pwani wanalijua neno kubemenda. Mtoto husemwa kuwa amebemendwa ikiwa baba na mama wamekutana, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, naye mtoto angali akinyonya. Hudhoofu, huharisha, huchelewa kutembea, na majirani hunong'ona. Wadigo na Wagiriama wana chirwa, ugonjwa wa mtoto unaohesabiwa kuwa umeletwa na wazazi waliovunja mwiko wa namna hiyo. Waganda wana obwosi, nao humpata mtoto ambaye mama yake amechukua mimba nyingine kabla yeye hajatoka ziwani. Maneno haya hayana maana moja kabisa, wala hatusemi kwamba yametoka katika shina moja. Lakini yote yanalinda jambo moja: kati ya mtoto na nduguye na upite muda wa kutosha, miaka miwili au zaidi.

Hesabu hiyo si ya Waafrika peke yao. Waislamu wa pwani waliisoma katika Kurani, sura ya pili, inayotaja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha. Sisi nasi tunasoma katika Mwanzo kwamba Ibrahimu alifanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa ziwa, wala mtu hafanyi karamu kwa jambo dogo. Na katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo mama yule wa wana saba amkumbusha mwanawe wa mwisho kwamba alimnyonyesha miaka mitatu. Tumehubiri mara nyingi juu ya ushujaa wa mama huyo tusiione miaka yake mitatu.

Yafaa kukumbuka hayo, kwa sababu watu waliokuja kuihukumu desturi ya Afrika walitoka katika nchi ambazo desturi zao za ziwa zilikuwa zimeua watoto wengi. Mwaka 1780 Lenoir, mkuu wa polisi wa Paris, aliandika kwamba katika watoto wapatao 21,000 waliozaliwa mjini humo kila mwaka, 1,000 tu walinyonyeshwa na mama zao, na 1,000 wengine na wanyonyeshaji walioajiriwa kukaa nyumbani kwa wazazi. Waliobaki wote, watoto 19,000, walipelekwa nje ya nyumba zao, wengi wao mbali vijijini, wakanyonyeshwa kwa mshahara na wanawake maskini. Hata Serikali ilikuwa na ofisi ya kuwatafuta wanyonyeshaji hao, iliyowekwa mwaka 1769. Nao hawakuwa watoto wa matajiri tu. Mke wa fundi aliyeshinda dukani au kiwandani hakuwa na nafasi ya kunyonyesha. Wengi walikufa vijijini wasirudi. Na mtoto wa mnyonyeshaji mwenyewe, je? Yeye aliachishwa mapema ili maziwa yauzwe. Rousseau aliwasihi akina mama, katika kitabu chake Émile cha mwaka 1762, wanyonyeshe wenyewe. Naye alikuwa amekwisha kuwapeleka watoto wake watano katika nyumba ya watoto waliotupwa. Sheria ya kuwalinda watoto waliowekwa kwa wanyonyeshaji haikutungwa Ufaransa mpaka tarehe 23 Desemba 1874, kwa juhudi ya daktari Théophile Roussel.

Haya hatuyasemi ili kuwacheka Wafaransa. Twayasema kwa sababu, miaka hamsini tu baada ya sheria ile, mashauri juu ya maziwa ya mama yalikuwa yakitolewa katika Afrika kwa sauti ya watu ambao hawakuwa na shaka hata kidogo.

Tutazame Kongo ya Wabelgiji. Baada ya vita ya 1914 hadi 1918 wakubwa wa Serikali, wa makampuni na wa misioni waliingiwa na hofu kwamba watu wa nchi wanapungua, na kwamba migodi na mashamba yatakosa wafanya kazi. Wakitafuta sababu, waliona kwamba mwanamke hunyonyesha miaka miwili hata mitatu, na kwamba muda huo wote hakutani na mumewe. Kwa macho yao hapo ndipo uzazi ulipopotelea. Tena waliona kwamba desturi hiyo imeshikamana na ndoa ya wake wengi, maana mume alimngojea mke anyonyeshaye kwa kuwa alikuwa na mwingine. Basi wengine walifundisha mama wanyonyeshe kwa muda mfupi zaidi, na vituo vikafunguliwa ambamo watoto walipimwa uzito na kupewa maziwa ya ng'ombe.

Hapa neno linatuhusu sisi wenyewe, wala si vizuri kulipita upesi. Kanisa lilipokataza mke wa pili lilikuwa na sababu zake, nazo hatuzirudii hapa. Lakini wachache walijiuliza mke yule wa pili alikuwa akifanya kazi gani katika malezi ya mtoto wa mke wa kwanza. Nguzo iliondolewa, na paa likaachwa lijishikilie. Mkristo mwenye mke mmoja aliambiwa kwamba habari za kubemenda ni ushirikina, asiogope. Akaacha kuogopa, na mimba ikaja mtoto akiwa na mwaka mmoja. Kumlisha nini mtoto huyo aliyeshuka ziwani hakuambiwa, au aliambiwa ampe uji.

Katika miaka iyo hiyo, upande wa magharibi, alikuwako daktari mwanamke ambaye alijifunza jambo hili kwa njia nyingine. Cicely Williams alizaliwa Jamaica mwaka 1893, akasomea udaktari Oxford, na mwaka 1929 akapelekwa na Serikali ya Waingereza katika Gold Coast, nchi ambayo tangu mwaka 1957 inaitwa Ghana. Huko Accra aliwaona watoto waliovimba miguu na mikono, nywele zao zimepauka kuwa nyekundu, ngozi imebambuka, nao wamenuna, hawataki kucheza wala kula. Wengi walikufa. Madaktari wenzake walisema ni pelagra, ugonjwa uliokwisha kujulikana kwa watu walao mahindi. Yeye hakuridhika, kwa kuwa alama za ngozi hazikuwa mahali pale pale, na dawa ya pelagra haikuwaponya.

Akawauliza akina mama. Jambo lenyewe laonekana dogo, lakini vitabu vya wakati ule vilikuwa vimejaa maswali ambayo hayakuulizwa na mtu. Wanawake wa Kiga wa Accra walikuwa na jina la ugonjwa huo, kwashiorkor, na Williams alielezwa kwamba ni ugonjwa umpatao mtoto aliyeondolewa mahali pake nduguye azaliwapo. Jina lenyewe lilikuwa limekwisha kutaja chanzo. Mtoto ametolewa ziwani, amewekewa uji wa mahindi, na ndani ya uji hakuna kitu cha kushika mahali pa maziwa. Makala yake ya kwanza, ya mwaka 1933, ilieleza ugonjwa bila ya kulitaja jina hilo. Mwaka 1935 aliandika tena, na safari hii aliliweka neno la Kiga juu kabisa, katika kichwa cha habari. Wakubwa wa elimu walimpinga. Mwaka 1936 alihamishwa akapelekwa Malaya.

Huko alikuta hatari nyingine: maziwa matamu ya kopo, yaliyouzwa na wanawake waliovaa kama wauguzi, wakiwashauri mama wenye maziwa yao tele wayaache. Mwaka 1939 alisimama mbele ya wafanya biashara wa Singapore akatoa hotuba aliyoipa jina la Maziwa na Uuaji, akasema kwamba vifo vya namna hiyo vihesabiwe kuwa ni kuua. Wajapani walipouteka mji huo mwaka 1942 alifungwa, akakaa kifungoni mpaka mwaka 1945. Na mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani, likiwa jipya, lilimweka kuwa mkuu wa kwanza wa kazi ya mama na mtoto. Alikufa mwaka 1992.

Katika Uganda kazi iliendelezwa na Hugh Trowell katika hospitali ya Mulago. Daktari huyu alishindana miaka mingi na wale wa pelagra, na mwaka 1954 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu kizima juu ya kwashiorkor. (Aliporudi Uingereza akawa kasisi, labda wapo wasomaji watakaofurahi kujua.) Siku hizi madaktari hawasemi tena kwamba ukosefu wa vyakula vya kujenga mwili ndio chanzo peke yake, na wangali wakibishana. Kwa Kiswahili ugonjwa huu sasa huitwa unyafuzi.

Lakini tusiwafanye wazee wa zamani kuwa madaktari. Kubemenda ni neno lenye ukali. Lilimpeleka mama mbele ya baraza la wakwe kabla ya kumpeleka mtoto kwa mganga, na hata leo mama akisikia neno hilo aweza kumficha mtoto aliyevimba, kwa kuwa uvimbe umekuwa ushahidi wa uzinzi. Tena mtoto aweza kupata unyafuzi ingawa wazazi wake hawakuvunja sharti lo lote. Njaa na surua na kuharisha kwatosha. Waliolinda muda kati ya mtoto na mtoto walikuwa na haki. Waliotafuta mkosaji kila mtoto alipougua hawakuwa nayo. Aliyetupa yote mawili kwa jina la ushirikina alitupa na chakula pamoja na maganda. Mwaka 2005 wataalamu waliokutanishwa na Shirika la Afya Duniani walishauri kwamba baada ya kuzaa mama angoje angalau miezi 24 kabla ya kuchukua mimba nyingine. Bibi yeyote wa Kidigo angeweza kuwaambia bila ya mkutano.

Limebaki jambo moja kutoka Buganda. Ilikuwa desturi huko, mtoto alipoachishwa ziwa, kumpeleka kwa bibi yake siku kadhaa ili alisahau. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mtaalamu wa mambo ya nafsi, alianza kuzitembelea nyumba 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, zenye watoto wachanga 28, akitaka kuona huzuni ya mtoto anayetengwa hivyo. Alikuta kwamba desturi imekwisha kuachwa katika nyumba nyingi alizozifikia. Akabadili kazi yake, akaanza kuandika jinsi mtoto anavyomjua mama yake miongoni mwa watu wote: jinsi anavyomfuata akitambaa, anavyolia atokapo, anavyomrudia akiogopa mgeni. Kitabu alichokitoa mwaka 1967 kinasomwa hata leo na wanaosomea malezi ya watoto. Wanawake wale waliketi naye sebuleni alasiri, wakazungumza naye kwa msaada wa mkalimani, na watoto wakipanda juu ya mapaja yao na kushuka.