Mfahamu Lluvia, binti wa gwiji wa mieleka Mexico aliyejenga jina lake nyuma ya barakoa

Lluvia ni mwanamieleka wa kike kutoka Mexico. Jina hilo la ulingoni ni neno la Kihispania, maana yake ni "mvua". Kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa akipigana chini ya CMLL, kampuni kongwe zaidi duniani ya mchezo huo ambayo bado inafanya kazi. Ilianzishwa mwaka 1933.

Baba yake ni Sangre Chicana, mmoja wa wababe waliotisha sana kwenye kumbi za Mexico miaka ya 1970 na 1980. Kwa hiyo Lluvia ni kizazi cha pili. Lakini tofauti na watoto wengi wa magwiji, hakuingia ulingoni na jina la mzazi wake. Aliingia na jina jipya, na uso akaufunika.

Kwa Mexico huo si uamuzi mdogo hata kidogo.

Barakoa ni nini kwa Wamexico?

Afrika Mashariki wengi wanaijua barakoa ya mieleka kupitia Rey Mysterio wa WWE. Kule Marekani barakoa ni sehemu ya vazi tu. Rey mwenyewe alivuliwa yake mwaka 1999 akiwa WCW, na mwaka 2002 alipotua WWE akaivaa tena kama kawaida.

Mexico mambo ni mengine. Mchezo wao unaitwa lucha libre, na huko barakoa ndiyo jina la mtu. El Santo, mwanamieleka maarufu kuliko wote nchini humo, alianza kuvaa barakoa yake ya rangi ya fedha mwaka 1942. Alipofariki mwaka 1984 alizikwa akiwa nayo usoni.

Katika pambano la kawaida, ukimvua mwenzako barakoa unapoteza pambano papo hapo. Njia halali ya kuivua ni moja tu: pambano la dau. Wawili wanakubaliana mapema kwamba atakayeshindwa atavua barakoa, au atanyolewa nywele ulingoni kama hana barakoa.

Aliyeshindwa barakoa huivua mbele ya ukumbi mzima. Kisha hutaja jina lake la kuzaliwa, anakotoka na miaka aliyokaa kwenye mchezo. Kwa desturi, haivai tena.

Hapo ndipo mtu huuliza: si wanaigiza hawa? Ni kweli, matokeo ya mapambano hupangwa. Ila barakoa ikitoka, imetoka. Siri ya miaka mingi inaisha usiku mmoja, na mwenye uso anarudi kazini wiki inayofuata kuanza upya. Ndiyo maana wengi hulipwa vizuri usiku wa kuvuliwa kuliko usiku mwingine wowote.

Baba alipoteza yake, akawa mkubwa zaidi

Sangre Chicana naye alianza akiwa na barakoa. Mwaka 1977 aliiweka dau, na Fishman, nyota mwingine wa wakati huo, akaichukua.

Kwa wengi huo ungekuwa mwanzo wa kushuka. Kwake ikawa kinyume. Uso wake ukawa mtaji. Alikuwa upande wa wale wanaoitwa *rudo*, yaani wakorofi, wapiganaji wa rafu na vurugu ambao ukumbi hulipa kuwazomea. Watazamaji sasa waliweza kuona hasira, dharau na damu vikishuka kwenye sura yake.

Tarehe 23 Septemba 1983 kampuni hiyo, wakati ule ikiitwa EMLL, ilisherehekea miaka 50 ndani ya Arena México, Mexico City. Pambano kuu lilikuwa Sangre Chicana dhidi ya MS-1, dau likiwa nywele. Sangre Chicana alishinda. Hadi leo wapenzi wa lucha libre hulitaja pambano hilo wanapotaka kuonyesha mieleka ya damu ya zamani ilivyokuwa.

Huyo ndiye baba. Mtoto anayemfuata anabeba sifa nyingi, na pia mzigo: kila anachofanya kitapimwa kwa usiku ule wa 1983.

Wanawake walifungiwa mlango

Kuna jambo jingine. Wakati Sangre Chicana anatamba Arena México, binti yake asingeruhusiwa kupigana pale hata angekuwa mkubwa.

Katika miaka ya 1950, chini ya gavana wa jiji Ernesto Uruchurtu, mieleka ya wanawake ilipigwa marufuku Mexico City. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1986. Zaidi ya miaka 30!

Wanawake hawakuacha. Walipigana mikoani, miji ya mpakani na nje ya nchi, Japani ikiwemo. Irma González, gwiji wa kizazi hicho, aliwahi kupigana kwa barakoa akijiita Novia del Santo, yaani "mchumba wa Santo". Lakini ukumbi mkubwa kuliko yote ulikuwa haramu kwao.

Baada ya mlango kufunguliwa, mkanda wa dunia wa wanawake wa CMLL ulianza mwaka 1992, na bingwa wa kwanza alikuwa Mjapani, Bull Nakano. Hata hivyo kwa miaka mingi mapambano ya wanawake yaliwekwa mwanzoni mwa usiku, watu wakiwa bado wanatafuta viti.

Lluvia aliingia CMLL katika hali hiyo. Mlango ulikuwa wazi, ila nafasi ya juu ilikuwa bado haijapatikana.

Familia nzima iko ulingoni

Lluvia si mtoto pekee wa Sangre Chicana kwenye mchezo. Dada yake, La Hiedra, amejijengea jina AAA, kampuni ambayo ni mpinzani mkubwa wa CMLL. Kaka yao anatumia jina la baba moja kwa moja: Sangre Chicana Jr.

Ukiwatazama hao watatu unaona njia tofauti za kurithi. Mmoja amechukua jina lenyewe. Mabinti wawili wamechukua majina mapya, kila mmoja kwenye kampuni yake.

Jina la baba lina faida: tangazo linauzika siku ya kwanza. Hasara yake ni kwamba ukikosea, unaambiwa umemwaibisha mzee. Jina jipya halina mteremko huo. Mashabiki wanaweza kujua wewe ni binti wa nani, lakini kilichoandikwa kwenye bango ni chako. Na kwa kuwa uso umefunikwa, hakuna wa kusema "anafanana na baba yake". Wanabaki kutazama kazi.

Hata upande wake ni tofauti na wa mzee. Lluvia amejulikana kama *técnica*, wale wanaofuata sheria na kushangiliwa. Baba alizomewa ili apate mkate, binti anashangiliwa.

Mabinti wasiofugika

Sehemu inayong'aa zaidi ya kazi yake ni ya timu ya wawili. Mwenzake ni La Jarochita, ambaye jina lake linatokana na jinsi watu wa Veracruz wanavyoitwa. Kwa pamoja wanajiita Las Chicas Indomables, unaweza kusema "mabinti wasiofugika".

Mwaka 2020 mikanda ya taifa ya Mexico ya timu za wanawake ilifufuliwa baada ya kulala miaka mingi. Lluvia na La Jarochita ndio walioitwaa.

Mwaka huo haukuwa rahisi. Corona ilifunga kumbi, na mapambano yaliporudi yalionyeshwa kwa malipo mtandaoni huku viti vya Arena México, vinavyobeba watu zaidi ya 16,000, vikiwa vitupu. Hata hivyo mikanda ilikuwa na uzito wake. Kwa wanawake wa CMLL, kuwa na mikanda ya timu maana yake ni sababu moja zaidi ya kupangiwa pambano lenye kitu ndani yake, badala ya lile la kujaza ratiba.

Kwa nini barakoa ya mwanamke ina bei sasa

Zamani barakoa zilizotikisa nchi zilikuwa za wanaume. Tarehe 16 Septemba 2017 mambo yalionyesha sura nyingine. Katika sherehe ya miaka 84 ya CMLL, tukio lao kubwa la mwaka, wanawake wawili waliweka barakoa zao dau: Princesa Sugehit dhidi ya Zeuxis. Sugehit alishinda na Zeuxis akavua.

Mwaka uliofuata Zeuxis alionekana kwenye mashindano ya wanawake ya WWE, Mae Young Classic, uso wazi. Kwake, kama kwa Sangre Chicana miaka 40 nyuma, kupoteza barakoa hakukumaliza kazi.

Usiku ule ulibadilisha hesabu kwa kila mwanamke wa CMLL aliyefunika uso, Lluvia akiwemo. Barakoa ikawa akiba. Kadiri unavyoitunza muda mrefu na kadiri unavyoshinda ukiwa nayo, ndivyo thamani yake inavyopanda siku ikiitwa mezani. Ukiipoteza mapema bila jina, umeuza shamba kabla ya mavuno.

Anachoachiwa kizazi cha pili

Mwaka 2018 Jiji la Mexico liliitangaza lucha libre kuwa urithi wa utamaduni. Mara nyingi urithi huo hupita ndani ya familia: mtoto anakulia nyuma ya jukwaa, anafanya mazoezi, anapita mtihani wa kamisheni ili apewe leseni, kisha anaanza pambano la kwanza usiku kama wengine wote.

Damu ya Sangre Chicana inaweza kumfungulia mtu mlango wa mazoezi, lakini haimbebi akirushwa nje ya kamba. Lluvia amekaa ulingoni zaidi ya muongo, amebeba mkanda wa taifa, na ameyafanya hayo katika ukumbi uliomfanya baba yake kuwa gwiji huku ukiwa umewafungia wanawake nje.

Baba alipata umaarufu wake mkubwa baada ya watu kumuona uso. Binti ameutafuta wake bila kuuonyesha.