Dawa Iliyong'arisha Kurasa na Kufuta Wino

Mji wa Eldoret umekaa juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mvua zinapoanza mwezi wa Aprili, sanduku la vitabu lililoegemezwa ukutani huvuta unyevu miezi mfululizo. Fungua Biblia ya Kinandi iliyotoka mwaka 1939, au kitabu cha shule cha East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa mwaka 1948, nawe huenda ukakuta vidoa vya kahawia vimetapakaa ukurasa mzima kana kwamba mtu alinyunyiza chai. Apendaye usafi hufikiria mara moja Jik, dawa ya klorini ya kung'arishia nguo: ikiwa inatakasa shati la shule, itashindwaje na karatasi? Mkono huo unastahili kuzuiwa, na sababu za kuuzuia zimo katika historia ya dawa yenyewe.

Klorini iligunduliwa na Carl Wilhelm Scheele wa Sweden mwaka 1774. Miaka kumi hivi baadaye, Claude Louis Berthollet wa Ufaransa alionyesha kwamba inaweza kung'arisha vitambaa, kazi ambayo hapo awali ilihitaji vitandazwe nyasini wiki baada ya wiki vipigwe na jua. Mwaka 1787 Mfaransa mwingine, Jean-Antoine Chaptal, akaeleza namna ya kuitumia kwa picha zilizochapwa na vitabu vilivyochakaa. Charles Tennant wa Scotland akaigeuza kuwa unga uliosafirishika kwa urahisi mwaka 1799, na kufikia mwaka 1846 Alfred Bonnardot alikuwa ametoa kitabu kizima mjini Paris kuhusu kurekebisha picha za kale na vitabu adimu. Jik iliyo dukani leo ni mjukuu wa ukoo huo.

Kilichowafurahisha watu wa wakati ule ndicho kinachonitia wasiwasi. Wino wa mashine ya kuchapia ni masizi yaliyochanganywa na mafuta, na klorini haiyawezi masizi. Wino wa kalamu wa zamani, uliopikwa kwa chumvi ya chuma na vinundu vya mwaloni, hauna kinga hiyo. Tumbukiza ukurasa wenye wino huo: jina lililoandikwa kwa mkono hubadilika kutoka weusi hadi rangi ya majani makavu, likawa kivuli cha manjano, kisha likatoweka, huku maandishi yaliyochapwa yakibaki meusi vilevile. Wino wa buluu wa kalamu za shule nao hauchukui muda. Kwa wanunuzi wa vitabu adimu hii ilikuwa neema, maana jina la mwenye kitabu wa kwanza liliondoka pamoja na doa la divai.

Kwetu hasara yake ni kubwa kuliko ilivyokuwa kwao. Nakala ya Biblia iliyochapwa huwa na ndugu zake maelfu, lakini tarehe ya ubatizo iliyoandikwa kwenye jalada la ndani, jina la aliyeitoa zawadi, bei yake kwa shilingi, au maelezo ya mwalimu pembeni mwa aya hayana nakala ya pili popote. Historia ya Kiswahili inadai mengi kwa maandishi ya mkono. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliyakusanya na kuyaandika katika karne ya 19, miaka mingi kabla William Hichens hajayatoa kitabuni mwaka 1940. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, misahafu ilinakiliwa na kupambwa kwa mkono, na mtafiti husoma karatasi yenyewe, hata alama za kiwandani zinazoonekana ukiinua ukurasa kwenye mwanga, ili ajue bidhaa zilivyovuka bahari. Anayeosha kurasa za namna hiyo anaosha ushahidi.

Tena weupe wenyewe haudumu. Karatasi ni nyuzi za mimea, na klorini hukata nyuzi hizo wakati inapokata rangi. Mabaki yake yasipooshwa sawasawa huacha asidi, nayo asidi huendelea na kazi polepole kitabu kikiwa rafuni. Baada ya miaka kadhaa ukurasa uliong'aa hurudi kuwa wa manjano, na ukiukunja pembeni huvunjika kama jani. Vitabu vyetu vingi vya karne ya 20 vilichapwa kwenye karatasi ya miti, ambayo hukauka na kuchakaa mapema kuliko ile ya matambara ya zamani. Hiyo ndiyo isiyostahimili kabisa adhabu ya namna hii.

Kuna watakaouliza: mbona wataalamu wenyewe hung'arisha kurasa? Ni kweli, wapo wanaofanya hivyo, lakini mara chache. Huanza kwa kujaribu kila wino kwa tone moja, huchagua dawa zilizo pole kuliko klorini, au huangazia mwanga ukurasa uliolowekwa kwenye maji yenye chokaa kidogo, na husuuza kwa muda mrefu. Kufanya hayo kwenye beseni la nyumbani hakuwezekani. Wengine watasema ukungu unaoletwa na unyevu huo ni hatari kwa mapafu na hula karatasi. Hoja hiyo ni nzito na naikubali yote. Ila ukungu hustawi unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 65 hadi 70, kwa hiyo dawa yake ni ukavu na hewa. Kitabu kisimamishwe kivulini, kurasa zikiwa wazi, mpaka kikauke kabisa. Kisha ukungu uliokauka upanguswe nje kwa brashi laini, na anayepangusa afunike pua na mdomo. Vidoa vya kahawia vitabaki, lakini kitabu kikikaa kikavu havitaenea kwa urahisi. Na kama doa limefunika herufi, picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni huenda ikaonyesha kile ambacho jicho limeshindwa kusoma.

Dunia ilijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika Florence, na matope yakafunika zaidi ya vitu milioni moja katika Maktaba Kuu ya Taifa ya Italia. Wahifadhi waliokimbilia huko kutoka nchi nyingi walilazimika kuamua kipi kiguswe kwanza na kipi kiachwe, na katika kazi hiyo ya miaka mingi ikakomaa kanuni wanayoifuata hadi leo: fanya kidogo iwezekanavyo, na usifanye usichoweza kukitengua. Klorini haitenguliki.

Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, kiko Kesses, kusini mwa mji, na kinafundisha taaluma ya maktaba na nyaraka, kwa hiyo pa kuomba ushauri hapako mbali. Makanisa, shule kongwe na familia za Uasin Gishu zina vitabu vilivyopita mikono ya vizazi vitatu au vinne. Kabla mtu hajagusa ukurasa wowote, apige picha ya jalada, ya kila jina na ya kila maelezo ya pembeni, kisha ainue sanduku kutoka sakafuni, aliweke mbali na ukuta unaovuja, na aiache Jik kwenye nguo.