Swaminarayan: kutoka Gujarat hadi ng'ambo ya bahari

Jumuiya ya Swaminarayan ilianzia Gujarat, magharibi mwa India, mwanzoni mwa karne ya 19. Mwanzilishi wake, Sahajanand Swami, alizaliwa mwaka 1781 katika kijiji cha Chhapaiya, karibu na Ayodhya. Akiwa na miaka 11 aliondoka nyumbani, akazunguka kwa miguu miaka saba akizuru mahali patakatifu pa Wahindu, hata akafika Gujarat mwaka 1799. Huko alijiunga na masadhu (watawa) wa mwalimu Ramanand Swami, na mwaka 1801, kijana wa miaka 20, akakabidhiwa uongozi. Wafuasi walimwabudu kama Mungu. Swaminarayan, jina alilowafundisha kulitaja katika ibada, likawa lake mwenyewe.

Gujarat ya siku hizo ilichoshwa na ugomvi wa watawala wadogo, unyang'anyi na njaa. Sahajanand aliwakataza wafuasi nyama, pombe, wizi na uzinzi. Akapinga kuuawa kwa watoto wachanga wa kike na kuchomwa kwa wajane pamoja na maiti za waume zao. Wakulima na mafundi walimfuata kwa wingi. Kabla ya kufariki mwaka 1830 alikuwa amejenga mahekalu sita, la kwanza Ahmedabad mwaka 1822, na kuandika Shikshapatri, kitabu cha maadili chenye beti 212. Jumuiya aliigawa sehemu mbili, Ahmedabad na Vadtal, chini ya watoto wa ndugu zake aliowafanya wanawe.

Mwaka 1907 sadhu Shastriji Maharaj, aliyekuwa ametengana na Vadtal kwa tofauti za mafundisho, alianzisha tawi jipya katika kijiji cha Bochasan. Tawi hilo, BAPS, ndilo lililokuja kujulikana zaidi duniani.

Lakini imani hii haikuvushwa bahari na masadhu. Iliyoivusha ni kazi. Wagujarati walikuja Afrika Mashariki kama makarani wa reli, wenye maduka na, hasa wale wa eneo la Kutch, waashi na wakandarasi. Kwa miaka mingi walikutana majumbani kusali na kuimba, mwongozo wao ukiwa barua ndefu kutoka India. Ni sifa yao kubwa: watu wa kawaida, wenye ajira na watoto wa kulea, waliilinda ibada bila kiongozi wa kidini karibu. Mwaka 1955 Yogiji Maharaj, mrithi wa Shastriji, alifika na kuzindua hekalu la Mombasa. Mwaka 1960 akarudi kuzindua ya Kampala, Jinja na Tororo.

Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, waumini wengi wa Uganda walihamia Uingereza. Walikwenda na uzoefu wa kuendesha hekalu ugenini, na bila uzoefu huo ni vigumu kueleza jinsi jumuiya ya London ilivyokua. Chini ya Pramukh Swami Maharaj, aliyeongoza BAPS kuanzia 1971 hadi 2016, hekalu kubwa la mawe ya kuchonga lilifunguliwa Neasden, London, mwaka 1995. Nairobi ilipata la aina hiyo mwaka 1999, na Delhi ikapata hekalu la Akshardham mwaka 2005.

Februari 2024 lilifunguliwa hekalu la mawe la BAPS huko Abu Dhabi, kwenye ardhi iliyotolewa na watawala Waislamu wa huko.