Kioo cha Mbele Si Dirisha la Nyumba

Yafuatayo ni mazungumzo yetu ya wiki kama yalivyosikika redioni.

Ndugu msikilizaji, mtaani kwetu yuko mzee mmoja mstaafu ambaye kwa miaka mitatu sasa anafufua Volkswagen ya mwaka 1963, ile yenye mgongo wa kobe. Alilinunua gari hilo likiwa chakavu, limelala uani chini ya mwembe, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Amelikwangua kutu, ameifungua injini na kuifunga upya, amelipaka rangi yake ya asili. Mwezi uliopita ilibaki kazi moja tu, nayo ni kufunga kioo cha mbele.

Fundi wake, kijana hodari, alikuja na pendekezo. "Shikamoo mzee. Mimi naona tusijisumbue. Kioo cha gari hili kimenyooka kama cha dirisha. Twende dukani, tununue kioo cha nyumba, tukikate, jioni unatembea."

Mzee akaitikia, kisha akatikisa kichwa. "Mwanangu, kioo hicho upepo kitauzuia. Lakini siku nikigonga, kitanichinja."

Walibishana kwa muda mrefu, na majirani tukasogea kusikiliza. Wengi walikuwa upande wa fundi, kwa sababu upande wake ulikuwa wa bei nafuu. Leo nataka kueleza kwa nini mzee alisema kweli, maana hoja yake haikuwa woga wa uzee. Ni funzo lililolipiwa kwa nyuso na macho ya watu wengi.

Magari ya kwanza kabisa hayakuwa na kioo cha mbele. Dereva alivaa koti zito na miwani ya kuzuia vumbi, akaukabili upepo kwa kifua. Mwendo ulipoongezeka, mwanzoni mwa karne ya 20, watengenezaji wakaanza kusimamisha kioo mbele ya dereva. Kilikuwa kioo cha kawaida, cha aina ile ile ya madirisha. Mwaka 1903 mama mmoja wa Alabama, Marekani, Mary Anderson, alipewa hataza ya waipa ya kufuta kioo hicho kwa kuvuta mkono wa chuma kutoka ndani ya gari. Basi mvua ikapatiwa dawa, lakini ajali bado.

Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande virefu, vyenye ncha kama visu. Abiria aliyerushwa mbele alipasua kioo kwa kichwa, na alipoanguka tena kitini shingo yake ilipita kwenye meno ya kioo kilichobaki. Watu ambao mgongano wenyewe usingewaua walikufa kwa kuvuja damu.

Mwaka huo huo wa 1903, kule Ufaransa, mkemia aitwaye Édouard Bénédictus alikuwa katika maabara yake. Inasimuliwa kwamba chupa ilianguka kutoka rafuni. Alipoitazama akaona imepasuka kila mahali, lakini vipande vyake havikutawanyika. Ndani yake kulikuwa na dawa ya nitrati ya selulosi iliyokauka na kuacha utando mwembamba, na utando huo ndio ulioshikilia vipande. Baadaye, aliposikia habari za watu waliokatwa na vioo katika ajali za magari, akaikumbuka chupa ile. Mwaka 1909 akachukua hataza ya kioo cha tabaka tatu, yaani kioo, seluloidi, kisha kioo tena. Akakiita Triplex.

Lakini watengenezaji wa magari hawakukikimbilia, kwani kiliongeza gharama. Matumizi yake makubwa ya mwanzo yalikuwa vitani, katika macho ya barakoa za kujikinga na gesi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ni mwaka 1927 ndipo Ford ilipotoa gari lake la Model A likiwa na kioo cha tabaka mbele kama sehemu ya kawaida ya gari. Miaka ya mwanzo ya 1930 Uingereza nayo ikataka magari mapya yawe na kioo cha usalama mbele.

Kulikuwa na dosari. Seluloidi ilipopigwa na jua iligeuka njano, dereva akawa kama anatazama kupitia chai. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ikapatikana plastiki nyingine, polivinili butirali, ambayo haichuji na hunyumbulika bila kukatika. Plastiki hiyo ndiyo inayotumika hadi leo. Mwaka 1966 Marekani iliongeza unene wake kutoka milimita 0.38 hadi 0.76, ili kichwa kisipenye.

Upo pia ukoo wa pili wa vioo vya usalama, vioo vilivyokazwa kwa moto. Kioo hupashwa moto hadi kukaribia kulainika, kisha hupulizwa hewa ya baridi kwa ghafla. Kikivunjika hakitoi visu, bali punje ndogo ndogo. Magari mengi ya Ulaya yalikuja na kioo hicho mbele. Waliosafiri katika barabara zetu za vumbi na kokoto wanakumbuka shida yake. Jiwe moja tu kutoka tairi la lori, na kioo kizima kinakuwa cheupe kama barafu. Dereva haoni kitu, naye yuko mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Wengi walilazimika kukitoboa kwa ngumi ili waione njia. Ni katika barabara kama hizo Volkswagen ya mgongo wa kobe ilishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962.

Turudi uani kwa mzee. Fundi naye hakukosea kila kitu. Ni kweli kwamba kioo cha Volkswagen hiyo kimenyooka. Kilianza kupinda kidogo katika magari yaliyotolewa kuanzia Agosti 1964. Na kioo kilichonyooka kinaweza kukatwa hapa hapa mjini, mradi kiwe cha tabaka. Kilichokazwa kwa moto hakikatwi, kwani ukikikata tu kinamwagika chote kama mchele. Cha tabaka hukwaruzwa kwa almasi upande mmoja, kisha upande wa pili mahali pale pale, kikapasuliwa pande zote, halafu plastiki ya katikati ikakatwa kwa wembe. Ukitaka kukitambua, tazama ukingoni pale kilipokatwa. Utaona mstari mwembamba katikati, kama siagi kati ya vipande viwili vya mkate.

Basi wakaelewana. Wakachora umbo kwenye boksi la karatasi, wakatafuta kioo cha tabaka chenye unene unaoingia kwenye mfereji wa mpira, wakakipeleka kwa mkata vioo. Ilichukua wiki tatu na fedha zaidi, lakini kilipatikana.

Siku ya kufunga nilikuwapo. Kwanza walikagua fremu, hasa pembe za chini, maana maji hujificha chini ya mpira na kutu huanzia hapo. Mpira mpya ukavishwa kioo, pamoja na utepe wake wa alumini. Kisha kamba imara ikalazwa katika mfereji wa nje wa mpira kuzunguka pande zote, ncha zake mbili zikapishana chini katikati. Maji ya sabuni yakapakwa. Mzee akasimama nje akisukuma kwa viganja vya mikono, fundi akakaa ndani akivuta kamba taratibu. Kila kamba ilipotoka, mdomo wa mpira ulipanda juu ya ukingo wa bati na kuushika. Kwenye pembe ya juu mpira ukagoma. Kijana akataka kuusukuma kwa bisibisi. "Taratibu, mwanangu," mzee akasema, "hicho ndicho kioo cha wiki tatu." Wakaongeza sabuni, wakasubiri, wakavuta tena. Kikaingia.

Ndugu msikilizaji, wengi wetu hatuna gari la mwaka 1963. Lakini kila siku tunapanda daladala na teksi, na vioo huvunjika na kubadilishwa. Akutajiaye bei ndogo, muulize kwanza ni kioo gani. Angalia alama ya usalama pembeni. Rahisi hugharimu, walisema wahenga, na gharama ya kioo rahisi hulipwa kwa shingo.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.