Kiungo cha Bomba

Ukiona bomba la chuma limelala juu ya ardhi, msomaji, huenda ukadhani kuwa nguvu yake yote imo katika unene wa chuma. Sivyo. Bomba refu ni vipande vingi vilivyoungwa, na maji hutafuta mahali palipo dhaifu. Mara nyingi mahali hapo ni penye kiungo. Ili ulisadiki neno hili, fuatana nami mpaka Australia Magharibi.

Katika mwaka wa 1893 dhahabu ilivumbuliwa Kalgoorlie, nchi kame isiyo na mto wa kutegemewa. Watu walimiminika kwa maelfu. Maji machache yaliyopatikana yaliuzwa kwa bei kubwa, na homa ya matumbo iliwaua wengi. Mhandisi mkuu wa serikali, C. Y. O'Connor, alitoa shauri la kujenga bwawa Mundaring, karibu na mji wa Perth, na kuyasukuma maji kwa mashine za mvuke katika vituo 8, mwendo wa kilomita 530 hivi, tena kwa kupanda.

Vipande vipatavyo 60,000 vilihitajika. Hapo palizuka maswali mawili. La kwanza: mabamba ya chuma yafungweje hata yawe bomba? Desturi ilikuwa kupigilia ribiti. Lakini vichwa vya ribiti huzuia mwendo wa maji, na kila tundu laweza kuvuja. Mephan Ferguson wa Melbourne alikuwa amebuni njia nyingine: mabamba mawili yaliyopindwa nusu duara, kingo zake zikabanwa ndani ya fito za chuma zenye mifereji. Njia hiyo ikachaguliwa.

La pili: kipande kiungweje na mwenziwe? Mafundi walivika pete ya chuma penye kiungo, wakamimina risasi iliyoyeyushwa katika nafasi iliyobaki, wakaishindilia. Tarehe 24 Januari 1903 Sir John Forrest aliyafungulia maji Kalgoorlie. O'Connor hakuiona siku hiyo. Alifariki Machi 1902, akiwa amezungukwa na lawama.

Hata hivyo, risasi ni madini laini. Chuma hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, wala risasi si mwili mmoja nacho. Miaka ilipopita viungo vikavuja, udongo wenye chumvi ukala chuma, na maji yaliyosukumwa kwa gharama ya makaa yakapotea mchangani.

Utauliza, mbona hawakuchomelea tangu mwanzo? Ufundi huo ulikuwa bado mchanga. Katika miaka ya 1880 Nikolai Benardos, katika Dola ya Urusi, aliunga vyuma kwa moto wa umeme. Lakini hewa huharibu chuma kilichoyeyuka. Mwanzoni mwa karne ya 20 Oscar Kjellberg wa Uswidi aliuvika ufito wa kuchomelea gamba ambalo, likiungua, hukikinga chuma hicho na hewa. Basi katika miaka ya 1930 mabomba mengi ya Kalgoorlie yalifukuliwa, yakatengenezwa, yakalazwa juu ya ardhi, na viungo vyake vikachomelewa.

Je, kuchomelea ni bora daima? La. Kiungo kilichochomelewa hakifunguki ila kwa kukatwa. Kwa hiyo penye pampu, ambapo fundi hana budi kufungua, hutumiwa flanji zilizokazwa kwa bolti. Bomba jembamba huweza kuingizwa katika soketi, kisha likachomelewa ukingoni. Bomba nene huungwa mdomo kwa mdomo. Tena kiungo hicho hakina budi kuwa cha chuma kinachopatana na chuma cha bomba, chenye unene wa kustahimili msukumo ule ule.

Usiwalaumu, basi, waliotumia risasi. Walichagua kilicho bora katika vilivyokuwako, nao waliwapa watu maji. Warithi wao walipopata kilicho bora zaidi, hawakuona haya kufukua na kuchagua upya. Nawe, utakapokabidhiwa kazi yo yote, itazame kwanza pale vipande vinapokutana.